Ghala la chini linalotota katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe

Swali

Msomaji wetu wa Unguja anaeleza kwamba yeye na ndugu zake wamerithi nyumba ya babu yao, ya ghorofa mbili, katika Mji Mkongwe upande wa Malindi. Chini kuna ghala ambalo huingiwa kwa kushuka vidato viwili kutoka kichochoroni. Miaka miwili iliyopita walilikarabati: lipu ya zamani ilibanduliwa, kuta zikapigwa lipu ya saruji iliyotiwa dawa ya kuzuia maji, zikapakwa rangi ya mafuta, na sakafu ikamwagwa zege na kutandikwa marumaru. Leo rangi imetunga malengelenge, unga mweupe unamwagika chini ya kuta, unyevu uliokuwa ukiishia magotini umefika kifuani, na vitambaa vilivyohifadhiwa humo vimeota koga. Fundi anashauri waongeze lipu nzito zaidi na kubandika marumaru ukutani. Msomaji anauliza kama akubali, kama ipo dawa ya kudunga ukutani ili kuzuia maji yasipande, na kama ataweza kulikodisha ghala kwa muuza vitambaa kabla ya Ramadhani ijayo.

Jibu

Ndugu yangu, nakushauri usikubali. Lipu nzito na marumaru vitayaficha maji kwa mwaka mmoja au miwili, kisha utayaona yakitokea juu zaidi, pengine usawa wa vichwa vya boriti zinazobeba sakafu ya ghorofa ya kwanza, na hapo gharama yako haitakuwa tena ya lipu na rangi. Kwa maelezo uliyoyatoa, ukarabati ule uliuchukulia ukuta wa babu yako kana kwamba ni ukuta wa matofali ya saruji. Maji yamekuwa yakiingia katika ukuta huo tangu ulipojengwa. Lililobadilika ni kwamba sasa hayana pa kutokea.

Kuta za nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, ambayo yana vinyweleo vingi, yakashikanishwa kwa chokaa, mchanga na mara nyingi udongo mwekundu. Unene wake hufika nusu mita na zaidi, na katikati ya unene huo mna vijiwe vidogo na kifusi kilichojazwa kati ya nyuso mbili za ukuta. Kwenye msingi hakuna tabaka lolote la kuzuia maji. Waashi wa zamani walitegemea njia nyingine: maji yanayopanda kutoka ardhini, kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa kandili, hutoka nje kupitia lipu ya chokaa na kuchukuliwa na upepo. Kiasi kinachoingia kikilingana na kinachotoka, unyevu husimama kwenye kimo kimoja, magotini au kiunoni, na nyumba huweza kuishi hivyo kwa vizazi bila madhara makubwa. Ukiufunika ukuta kwa saruji na rangi ya mafuta, maji huendelea kuingia kwa kiasi kilekile lakini hushindwa kutoka, kwa hiyo hupanda hadi yapate mahali palipo wazi. Ndiyo maana mstari wako umetoka magotini ukafika kifuani. Zege na marumaru ya sakafuni nayo yamechangia, kwa sababu ardhi ya chumba kizima iliyokuwa ikipumua imezibwa, na maji yaliyo chini yake yamesukumwa pembeni, kwenye kuta hizohizo.

Unga mweupe unastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndio unaoharibu zaidi kuliko maji yenyewe. Chukua tochi, imulike sambamba na uso wa ukuta, kisha ubandue kwa kucha lengelenge moja la rangi. Nyuma yake utaona vinyuzi vyeupe, laini na vifupi, vimesimama wima juu ya lipu, na lipu iliyo chini yake itamung'unyuka kuwa mchanga ukiisugua kwa kidole. Hizo ni chumvi. Nyingine zimetoka baharini, kwa upepo au kwa mchanga wa pwani uliotumika katika ujenzi. Nyingine hutoka kwenye mashimo ya zamani ya vyoo, ambayo yamejaa chini ya Mji Mkongwe. Nyingine zililetwa na saruji yenyewe. Chumvi husafiri ndani ya maji bila kuonekana, na maji yanapokauka hugeuka fuwele, hutanuka ndani ya vinyweleo na kuvipasua. Lipu ya chokaa ikiwa ya mwisho kwa nje, hupasuka yenyewe, nawe utaibadilisha kwa gharama nafuu. Lipu ya saruji ikiwa ya mwisho, fuwele huweza kujikusanya nyuma yake, na kinachovunjika ni jiwe pamoja na chokaa inayolishikilia.

Jambo la pili kuhusu chumvi watu wengi hawalijui, na limewafanya wengine wabomoe mabomba yasiyovuja. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta maji kutoka hewani unyevu wa hewa unapofika kiasi cha asilimia 75. Hewa ya Unguja huvuka kiwango hicho mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Kwa hiyo ukuta uliokwisha kujaa chumvi utatota hata kama hakuna tone linalouingia. Usiuoshe ukuta huo kwa maji, kwani utazirudisha chumvi ndani. Zipanguse kwa brashi kavu, uzifagie siku hiyohiyo na kuzitoa nje ya nyumba kabisa.

Kabla fundi hajashika tindo, ni lazima ujue maji yanatoka wapi, na utafutaji huu uanzie juu ya nyumba, hata kama tatizo liko chini. Panda darini mvua inaponyesha, si baada ya kukatika. Tazama mifereji ya paa imeziba wapi kwa majani na kinyesi cha kunguru, na mlizamu unamwaga maji wapi: mara nyingi bomba lake limekatika usawa wa ghorofa ya kwanza na maji yote ya paa yanaporomoka juu ya ukuta mmoja. Doa la maji ya juu huteremka mithili ya ulimi mrefu, na huwa bichi zaidi baada ya mvua. Unyevu wa ardhini huchora mstari wa kulala, karibu sawa kuzunguka chumba. Doa lisilojali kiangazi wala masika, linalokua polepole mahali pamoja, ni la bomba au karo, yaani shimo la maji ya choo, linalovuja, na kwa bomba unaweza kupima mwenyewe: funga mabomba yote usiku, soma mita ya maji, na uisome tena alfajiri kabla ya mtu yeyote kuchota. Usiliache karo la jirani nje ya uchunguzi wako, kwa kuwa katika vichochoro vyetu ukuta wa mtu mmoja mara nyingi ndio mpaka wa choo cha mwenzake. Hilo lizungumzwe kwa upole na mapema.

Kwa kuwa nyumba iko Malindi, karibu na bandari, pima pia uhusiano wa sakafu yako na bahari. Mwamba wa matumbawe ulio chini ya mji hupitisha maji, na maji ya ardhini katika sehemu za chini huweza kupanda na kushuka pamoja na bahari. Weka alama ya penseli kwenye mstari wa unyevu na uandike hali ya sakafu siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kwa muda wa mwezi mmoja au miwili. Ikiwa sakafu hubadilika kwa kufuata bamvua, basi maji hayo hutaweza kuyazuia, na kazi yote itakuwa ya kuyapa njia ya kukauka.

Kuna kipimo kingine rahisi cha kutofautisha maji ya ukutani na jasho la hewa. Bandika kipande cha karatasi ya alumini cha kiasi cha sentimita 40 kwa 40, uzibe kingo zote kwa utepe, na ukiache siku mbili au tatu. Matone yakiwa upande wa chumbani, hewa ndiyo inayotoa jasho inapokutana na ukuta baridi. Yakiwa nyuma ya karatasi, maji yanatoka ukutani. Katika maghala ya aina yako mara nyingi pande zote mbili hulowa, na hilo nalo ni jibu.

Sasa nirudi kwenye vile vidato viwili, kwa maana ndivyo ninavyovishuku zaidi. Barabara na vichochoro vya Mji Mkongwe vimetandikwa na kutandikwa tena, na kila mara usawa wa nje umepanda kidogo. Sakafu ambayo babu wa babu yako aliingia kwa kupanda kidato, wewe leo unaiingia kwa kushuka. Maana yake ni kwamba sehemu ya chini ya ukuta wako imezikwa upande wa nje, na udongo wa kichochoro pamoja na maji ya mvua yanayotiririka juu yake vinaugusa ukuta juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Lipu yoyote ya ndani haiwezi kuliondoa hilo. Dawa yake iko nje: kichochoro kipewe mteremko unaoyapeleka maji mbali na ukuta, mlizamu uunganishwe na mtaro, na pale inaporuhusiwa, saruji iliyobanana na ukuta ikatwe kwa upana wa shibiri moja na nafasi hiyo ijazwe kokoto ili ukuta upate kupumua. Kichochoro ni mali ya umma, na Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, kwa hiyo kazi hii, pamoja na ile ya lipu nitakayoieleza, ianzie kwenye ofisi ya Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Nenda na picha na mchoro mdogo. Hata usingekuwa na wajibu wa kuomba kibali, ningekuambia uende, kwa sababu wahusika hao wanazijua nyumba hizi.

Kuhusu dawa ya kudunga: dawa hizo zimekusudiwa hasa kuta nyembamba za matofali, zenye mstari ulionyooka wa udongo wa kushikanishia matofali ambao dawa inaweza kuufuata na kuujaza. Katika ukuta wa nusu mita uliojazwa kifusi, dawa hupotelea kwenye matundu ya ndani na haifanyi ukanda uliokamilika, na mashimo ya kuchimbia huutikisa ukuta bure. Usitumie fedha zako huko. Vilevile muuzaji wa dawa akija na kile kifaa chenye sindano mbili cha kupimia unyevu, akakionyesha kikilia, kumbuka kwamba kinapima jinsi umeme unavyopita, na chumvi hupitisha umeme vizuri. Kwenye ukuta wenye chumvi kitalia hata siku ambayo ukuta umekauka kuliko siku zote.

Kazi yenyewe ya ukuta ianze na boriti. Vichwa vya boriti vimeingizwa ndani ya ukuta, mahali pasipoonekana, na unyevu uliopandishwa na saruji huvifikia kabla ya kuonekana darini. Dunga kila boriti kwa bisibisi nyembamba pale inapoingia ukutani. Mti mzima hukataa ncha. Mti uliooza huipokea kwa ulaini, na pengine utaona unga wa mchwa. Ukiipata hata moja iliyolainika, tegemeza sakafu ya juu kwa nguzo na umwite mhandisi anayezifahamu nyumba za mawe, kabla ya kugonga chochote. Nalisisitiza hili bila kuficha hofu yangu. Beit al-Ajaib, jumba la kifalme la Mji Mkongwe la mwaka 1883, ni jengo kubwa kuliko nyumba zetu zote, na sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020. Unene wa ukuta hauthibitishi usalama wake.

Boriti zikiwa salama, lipu ya saruji iondolewe kwa nyundo na tindo, kwa mkono, si kwa mashine ya kutikisa, hadi angalau nusu mita juu ya mstari wa unyevu. Ifanywe sehemu kwa sehemu, kwani saruji imeshikana na jiwe na huondoka na vipande vyake. Chokaa iliyooza kati ya mawe ikwanguliwe, vumbi lifagiliwe, na ukuta uachwe wazi. Hapa ndipo wenye nyumba wengi hushindwa kusubiri. Wahifadhi wa majengo ya kale katika nchi za Ulaya hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene, na kwa hesabu hiyo ukuta wa nusu mita unahitaji takriban miezi 20. Nasi kwa hewa yetu nzito hatuna sababu ya kutarajia wepesi zaidi. Si lazima ukae na mawe wazi muda wote huo, kwa kuwa lipu ya chokaa huuruhusu ukuta kuendelea kukauka, lakini usipungukiwe na msimu mmoja kamili wa kipupwe, kuanzia Juni hadi Septemba.

Kisha ipigwe lipu ya kwanza, dhaifu kwa makusudi, ya chokaa na mchanga wenye chembe nene. Kazi yake ni kunyonya chumvi. Baada ya mwaka itakuwa imevimba na kumung'unyuka, na hapo iondolewe na kutupwa nje ya nyumba pamoja na chumvi zake. Mweleze fundi wako mapema kwamba lipu hiyo inapigwa ili iharibike, la sivyo atajiona ameaibika na ataiongezea saruji kisirisiri ili kulinda jina lake.

Lipu ya kudumu nayo iwe ya chokaa tupu: sehemu moja ya chokaa kwa sehemu tatu za mchanga wa shimo, uliooshwa kwa maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi na kupitishwa kwenye chekeche. Usiruhusu mchanga wa pwani hata ndoo moja. Mawe ya chokaa huchomwa tanuuni kwa joto la kiasi cha nyuzi 900 za Selsiasi, kisha huzimwa kwa maji, na chokaa inayouzwa haraka baada ya kuzimwa huwa na punje ambazo hazijazimika, nazo hulipuka vishimo vidogo ukutani baada ya miezi. Inunue mapema, ichuje, na uiloweke chini ya maji kwa miezi mitatu au zaidi kabla ya kuitumia. Wafanyakazi wavae glavu na miwani, kwa sababu chokaa huunguza ngozi na huweza kupofusha jicho, na ndoo ya maji safi iwe karibu wakati wote.

Ukuta uloweshwe kidogo kabla ya kupigwa, na kila tabaka lisizidi unene wa sentimita moja hadi moja na nusu. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ukaa polepole, tena huhitaji ubichi kidogo ili iivute, kwa hiyo tabaka lipigwalo leo lifunikwe kwa magunia mabichi kwa siku kadhaa, lisipigwe na jua la mlangoni, na tabaka linalofuata lingoje kama wiki moja. Fundi aliyezoea saruji atakuomba atie kopo moja tu la saruji ili iwahi kukaza. Mkatalie. Kopo hilo hupunguza upumuaji wa lipu na kuleta chumvi nyingine, na ndilo linaloondoa faida ya kazi yote uliyoilipia. Juu yake paka chokaa ya maji, nyepesi, mara nne au tano. Rangi ya plastiki na ya mafuta zisikaribie ukuta huo tena.

Sakafu usipoweza kuibomoa yote kwa sasa, kata ukanda wa shibiri moja kuzunguka kuta zote, utoe marumaru na zege, na ujaze kokoto na chokaa, ili maji yanayokimbilia pembeni yapate kutoka kabla ya kuushika ukuta. Hiyo ni kazi ya siku chache, na katika maghala yenye sakafu iliyozibwa ni jambo ambalo ningelitanguliza kwa mwenye fedha kidogo. Waya za umeme zilizomo ndani ya lipu inayotota zikatwe na kuhamishiwa juu, nje ya ukuta, na fundi umeme, tena wiki hii bila kungoja mengine.

Upepo nao una wakati wake. Hewa yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 huanza kutoa umande inapogusa kitu chenye nyuzi kama 26, na ukuta mnene wa chini unaweza kuwa na baridi hiyo. Kufungua milango mchana kutwa wakati wa masika kunaingiza maji ndani kwa jina la kupitisha hewa. Fungua upana wakati wa kipupwe na siku kavu za kaskazi. Masika uache vitundu vya juu na chini tu. Ikiwa matundu ya zamani yaliyo juu ya mlango yamezibwa kwa matofali, yafunguliwe na kuwekewa wavu.

Kuhusu muuza vitambaa, jibu langu ni hapana, si kwa Ramadhani ijayo na pengine si kwa ile itakayofuata. Vitambaa, mchele, karatasi na ngozi vitaota koga humo hata ukuta ukiwa umeanza kupona, na mpangaji atakudai fidia kwa haki. Likodishe kwa mtu wa vyombo vya bati na plastiki, au wa vifaa vya ujenzi visivyo saruji, kwa kodi ndogo na kwa mkataba ulioandikwa kwamba rafu zitakaa mbali na kuta kwa kiasi cha mkono mmoja, zitainuliwa kutoka sakafuni, na fundi wako ataruhusiwa kuingia. Kodi hiyo iwekwe kando kwa ajili ya chokaa na mchanga, kwani sehemu ya chini ya lipu mpya, ile ya magotini, itahitaji kubanduliwa na kupigwa upya kila baada ya miaka michache kadiri chumvi zinavyoendelea kutoka.